Lima, Usipande Mti

Mtu wa huku kwetu akikuazima shamba atakupa sharti moja tu: lima unachotaka, usipande mti. Panda muhogo, panda viazi, panda mahindi mpaka yakupite kichwa, hakuna atakayekuuliza. Siku ukichimba shimo la mwembe, umeshamtukana. Mti ni wa mwenye ardhi, na ugomvi ukitokea wazee huuliza swali hilo kabla ya mengine yote: hii miti ni ya nani?

Mimi sikuazimwa shamba. Mume wangu Luhende alipewa na baba yake, hatua chache kutoka ziwani, nyuma ya mawe makubwa ukishapita Nyegezi, na tulililima pamoja kabla hata binti yetu Rose hajazaliwa. Ada ya Rose ilitoka kwenye muhogo wa humo. Luhende alipofariki tulimzika humo humo, upande wa juu ambako maji hayatuami. Matanga hayajaisha vizuri, mdogo wake Mashimba akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akanipa sharti la mtu wa kuazimwa.

"Shemeji, hakuna atakayekufukuza," alisema. "Utalima kama kawaida. Ila miti usipande."

"Nisipande kwa nini?"

"Una mtoto mmoja, wa kike, na ataolewa. Shamba ni la ukoo."

Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Yeye akadhani nimekubali.

Ikapita miezi. Siku moja muuza dagaa akanipa habari pamoja na chenji yangu: kuna mtu anatafuta eneo la kujenga loji kando ya ziwa, na Mashimba ameshamleta, wamesimama juu ya mawe wakaoneshana mipaka. Hapo nikaelewa kwa nini shamba lilitakiwa libaki bila mti. Muhogo unavunwa ukaisha, na aliyeulima anaondoka na kapu lake, hana alichoacha cha kuoneshea kidole. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Halafu nikala, maana nilikuwa na kazi ya kufanya.

Kesho yake nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda kununua miti.

Kitalu cha Rebeka kiko kando ya barabara ya Nyegezi, kati ya mtaro na duka la mabati. Rebeka ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara bila kujitahidi. Miche yake ameipanga kwenye viriba vya nailoni chini ya kivuli cha magunia: miembe ya kubebesha, iliyounganishwa ili izae mapema, miparachichi, michungwa, mifenesi, na ile miti mirefu myembamba ambayo wenye magari hupenda kuipanda getini. Anaimwagilia kwa ndoo aliyoitoboa matundu chini.

"Karibu mama. Unapanda nyumbani au shambani?"

"Shambani."

"Shamba lako?"

Nadhani aliuliza tu kama wanavyouliza wauza miche, ajue udongo na nafasi. Mimi nikamjibu kama niko mbele ya baraza. "Langu. Mume wangu amelala humo."

Alinichagulia miembe, akiinua kila kiriba kutazama chini yake. "Ukiona mizizi imetoboa nailoni, mche umechoka kukaa humu, unataka ardhi," alisema. "Wa namna hiyo ndio wa kuchukua kwanza." Nilimwambia nipe wote wa namna hiyo, na tukapatana bei bila kusumbuana.

Nilipanda mchana kweupe. Mashimba alipita njia ya juu akaniona nimeinama, akasimama, kisha akaendelea na safari yake. Nikajua atarudi. Jumapili nilipotoka misani nilikuta miche yote imelazwa mlangoni kwangu, imepangwa mmoja mmoja, mizizi imeanikwa juani. Angeweza kuitupa ziwani nikabaki kushuku ng'ombe au watoto. Yeye aliipanga, ili nijue ni nani.

Nilikwenda kwake hivyo hivyo na gauni la misa. Alikuwa anakaribia kula, na mke wake Hellen amemshikia jagi la maji ya kunawa.

"Shemeji, umeng'oa miche yangu," nikasema.

"Nimesafisha shamba la ukoo."

"Nitapanda tena."

"Na mimi nitang'oa tena. Tutaona nani atachoka."

"Basi jiandae," nikamwambia. "Mimi ni mkulima. Kuinama sikuanza leo."

Hellen hakunitazama. Aliendelea kumimina maji kwenye mikono ya mumewe, na maji yakaendelea kumwagika hata baada ya mikono kuondoka.

Miche niliitia kwenye ndoo, nikaifunika kwa gunia bichi, nikairudisha kwa Rebeka nione kama kuna wa kuokoa. Aliipokea bila kusema pole. Aliikagua, mingine akaitupa, mingine akaitia kwenye viriba vipya na kuishindilia udongo kwa vidole vyake vigumu. "Hii nimeshakuuzia," alisema. "Siiuzi mara ya pili. Nitaitunza mpaka uwe tayari."

Nilimuuliza mashamba yake yako wapi, maana nilidhani mtu mwenye miti yote ile hakosi msitu mahali. Akacheka.

"Mimi? Nimepanga chumba Mirongo. Na hapa ni hifadhi ya barabara, wakisema nihame kesho nahama. Nimeotesha miti ya nusu ya mji huu, na hakuna hata mmoja nilioutia ardhini uwe wangu."

Nilirudi nyumbani na maneno yale, na sikuweza kuyaweka chini. Nilikuwa nimejiona niko peke yangu kwenye sharti la Mashimba. Nikaanza kuwapitia wanawake ninaowajua, nyumba kwa nyumba, nikitafuta aliyewahi kupanda mti akaambiwa huu ni wako. Nilimaliza jumuiya yetu nzima ya kanisani sijampata.

Wiki ile jumuiya ilisali kwangu, tupange kumbukumbu ya mwaka ya Luhende. Kwa kawaida mtu akiwa na kumbukumbu, akina mama huchanga unga, mchele na sukari. Mwenyekiti wetu, mama Selestina, alikuwa ameshaanza kugawa nani alete nini.

"Safari hii msilete unga," nikasema. "Kila mama alete mche mmoja, aupande kwa mkono wake, kwa kumbukumbu ya Luhende. Kila mche uwe wa aliyeupanda, na matunda yake aje achume mwenyewe."

Hakukuwa na asiyejua habari zangu na Mashimba. Hellen naye alikuwepo, amekaa karibu na mlango, anafunga na kufungua pindo la khanga yake. Sikutegemea kitu kwake.

"Na Mashimba?" mmoja akauliza.

"Mashimba ni shemeji yangu. Amealikwa."

Mama Selestina alirudi kwenye hesabu zake. "Tukienda wengi kwa huyo muuza miche, atatupunguzia?" aliuliza, na hapo nikajua watakuja.

Siku ya kumbukumbu walikuja na miche vichwani, wamevaa sare ya jumuiya. Rebeka alifika na guta la magurudumu matatu lililobeba miembe yangu iliyopona, na mfenesi mmoja aliokuwa ameukumbatia hataki uwekwe pamoja na mingine. Katekista Yakobo alisali kaburini, akabariki miche, kisha akina mama wakasambaa shambani na majembe kutoka kaburini mpaka kwenye mawe ya ziwani. Shamba lile halijawahi kuwa na kelele nzuri kama zile. Nilijisikia mwenye nguvu, na sikuona haya kujisikia hivyo siku ya kumkumbuka mume wangu.

Mashimba alikuja tumeshamaliza kupanda. Alikuwa na koti, na uso wa mtu aliyepigiwa simu.

"Sala sawa," alisema. "Miti hapana. Nani amewapa ruhusa?"

"Mimi," nikajibu.

Mashimba alinipita. Alikwenda kwenye mche uliokuwa karibu naye, mparachichi ambao udongo wake ulikuwa bado umelowa, akainama, akaushika shina. Hakuna aliyemzuia. Mimi nilikuwa nimeshahesabu kwamba atang'oa, na kwamba tutapanda tena mbele ya macho yake, siku ile ile.

"Huo ni wangu."

Nilidhani ni mama Selestina. Alikuwa Hellen, ametokea kwenye mawe, tope limemfika viwikoni.

"Mama Chenge, nenda nyumbani," Mashimba alimwambia mkewe akiwa bado ameinama.

"Nitakwenda. Kwanza achia mche wangu."

"Nimesema nenda."

"Kwako nimelima tangu uliponioa," Hellen alisema. "Pamba nimelima, mpunga nimelima. Siku nilipotaka kupanda mlimao nyuma ya jiko, uliniambia nini?"

Mashimba alikuwa bado ameshika shina.

"Uliniambia nilime tu. Na nimemsikia mama Rose akiambiwa hivyo hivyo kabla udongo wa kaburi haujakauka. Ukitangulia wewe, nani atakuja kuvuta kiti akae mbele yangu? Una wadogo zako watatu, Mashimba."

Alimwita kwa jina lake, mbele ya katekista na jumuiya nzima. Mwanamke huku kwetu hamwiti mumewe hivyo hata wakiwa wawili. Mashimba aliachia shina la ule mparachichi, akasimama, akajifuta tope kwenye koti lake zuri.

"Nitakuja na wazee wa ukoo," aliniambia mimi, kwa kuwa alishindwa kumtazama mkewe.

"Njoo nao, shemeji," nikasema. "Wakiuliza hii miti ni ya nani, mkeo ndiye ataanza kujibu."

Aliondoka kwa njia ya juu. Hellen alipiga magoti, akaushindilia udongo pale mumewe alipoulegeza, akamuuliza Rebeka mche kama ule unataka maji mara ngapi. Kisha akaniomba ndoo, akashuka ziwani kuchota.