Sauti Tatu za Kumwitikia Mzee Melkiori

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba 2019, saa kumi jioni, Avelina alikuwa amepiga magoti jikoni kwa Bwana Harlan, mzee aliyeajiriwa kumtunza huko Mesquite, Texas, akimkata kucha za miguu. Alifanya hivyo kila Jumamosi kwa agizo la Travis, mtoto wa mzee. Travis alimweleza tangu siku ya kwanza kwamba dunia itakapokwisha, maadui wa miungu watakuja kwa meli iliyoundwa kwa kucha za wafu, kwa hiyo anayekufa na kucha ndefu amewachangia maadui mbao. Avelina alikuwa ameshawahi kupewa na waajiri maagizo ya ajabu zaidi kuhusu kufua taulo. Aliitikia, akauliza kikata kucha kiko wapi.

Wiki nzima Travis aliuza viyoyozi. Jumamosi alikuwa kuhani. Alikuwa amerudia dini ya wazee wa Ulaya ya kaskazini, waliomwabudu Odin, Thor na Freya kabla wamisionari hawajawafikia, na kuirudia kwenyewe kulimchukua video nne na wiki mbili. Shingoni alivaa kinyundo cha Thor. Joho lake lililetwa na posta. Wafuasi wake walikuwa ishirini na walijiita Ukoo wa Mwaloni, ingawa uani hapakuwa na mwaloni wowote, palikuwa na mti mmoja wa pekani unaoangusha majani juu ya jiko la kuchomea nyama.

Ibada yao Avelina aliijua kwa kuitazama dirishani huku akiosha vyombo. Walisimama duara, wakazungusha pembe ya ng'ombe iliyojaa pombe ya asali, mara tatu. Mara ya kwanza walitaja miungu. Mara ya pili kila mtu alimtaja marehemu wake, na kwa sheria ya Ukoo wa Mwaloni ilipasa watu watatu, mbali na mtajaji, waseme "Nimesikia," la sivyo jina limeanguka chini na mwenyewe haendi popote. Mara ya tatu ilikuwa ya viapo na majigambo, nayo ndiyo ilichukua muda mrefu kuliko zote. Pombe iliyobaki ilimwagwa kwenye shina la mpekani.

Wao waliiita bloti. Kwa Avelina lilikuwa tambiko, basi. Kibosho, Kilimanjaro, alikozaliwa, babu zake walilifanya kwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, mpaka walipoambiwa ni ushenzi, wakaacha, wakaona aibu. Hapa Texas ushenzi uleule ulikuwa na joho, tovuti na fulana za kuuza.

Baba yake, Mzee Melkiori, alikuwa amefariki Machi mwaka ule. Avelina hakwenda kuzika. Karatasi zake zilikuwa bado uhamiaji, na angetoka nchini asingerudi. Aliyafuata mazishi kwenye simu, na mtandao ukakatika jeneza likiwa nusu njia. Mwezi wa nne alitoka kazini akamkuta mzee amekaa kwenye sofa yake, na suti aliyozikwa nayo, akilalamikia baridi ya kiyoyozi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Hapa mnaishi ndani ya friji?"

Alipokwisha kula alieleza kilichomleta. Patroba, kaka yake Avelina, alikuwa ameokoka, na mbege ya msiba aliimwaga yote mtaroni mbele ya wazee. Bila tambiko mzee hakuwa na njia.

"Nitakumwagia mimi," Avelina alisema.

"Ukimwaga peke yako umemwaga tu. Lazima uniite mbele ya watu, na watatu waitikie wamesikia. Walio hai. Tena wawe watu baki. Damu yangu haiwezi kunitolea ushahidi."

Avelina alianza na watu wa nyumbani. Alimwita Sadock, mwenyekiti wa jumuiya ya Watanzania, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Sadock alifika na bakuli la pilau, akamwamkia marehemu kwa heshima zote, akampa pole ya safari, akala sahani mbili. Lilipofika suala lenyewe alisimama na kutafuta funguo za gari.

"Dada Avelina, mimi ni elder. Nikisema nimesikia hapa, kesho group zima la WhatsApp linajua. Ila jina la mzee nita-add kwenye prayer list ya wagonjwa."

"Nimekufa," Mzee Melkiori alisema. "Siumwi."

Sadock alicheka kwa adabu, akachukua bakuli lake. Kwamba marehemu alikuwa amekaa pale hakubisha hata kidogo. Aliogopa tu kuonekana anamjua.

Ndipo Avelina akakumbuka kipeperushi kilichobandikwa kwenye friji ya Bwana Harlan: Waheshimu mababu zako, ukoo wote mnakaribishwa. Na Travis mwenyewe, siku moja alipoingia kuchukua barafu, alimwambia, "Uje siku moja ujionee." Watu wa huku husema hivyo kama kwaheri. Kwao Avelina karibu ni karibu. Alinunua ndizi mbivu kwa Wameksiko, akanunua ulezi kwenye duka la Wahindi kule Irving, akapika mbege siku tano. Msesewe wa kuitia uchungu haukupatikana Texas nzima. Mzee alionja, akasema ni uji, lakini unanyweka.

Sasa alimaliza kidole cha mwisho, akanawa mikono, akamsukuma Bwana Harlan na kiti chake cha magurudumu mpaka uani. Kisha akaenda kwenye gari kumtoa baba yake, ambaye alikuwa amekaa mbele na mkanda ameufunga.

Getini walimkuta mgeni mwingine amewatangulia. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia pana na jicho moja, na kunguru wawili walikuwa wametua juu ya sanduku la posta la Travis. Travis alikuwa na meza pale akikagua karatasi za vipimo vya mate, maana hakuna aliyeingia bila kuthibitisha damu ya kaskazini. Yake mwenyewe ilisema asilimia sitini na moja. Hiyo iliyobaki ilikuwa ya sehemu ambazo hakupenda kuzizungumzia.

"Jina?" Travis aliuliza.

"Ninayo mengi," mgeni alijibu.

"Karatasi?"

Hakuwa nayo. Asubuhi hiyohiyo Travis alikuwa ameandika kwenye tovuti kwamba Odin, mkuu wa miungu, alitoa jicho moja apate hekima, na kwamba hupenda kuzunguka akijifanya mgeni, na ole wake atakayemfungia mlango. Alimweleza mzee kwa upole kwamba shughuli ni ya faragha na kwamba mjini Dallas kuna mahali wanagawa supu. Mwanamke mmoja alilalamika kuwa kunguru watachafua gari lake. Upumbavu wa namna hiyo haupimwi kwa mate.

"Travis," Avelina alisema, "baba yangu anahitaji watu watatu tu."

Travis alimwangalia Mzee Melkiori, akaona kuwa viatu vyake havilazi nyasi. Kufa hakukuwa tatizo.

"Mimi sina chuki na mtu," alisema, na wanaoanza hivyo wanajulikana wanapoishia. "Miungu hii ni ya damu. Ninyi mna mila zenu, zirudieni."

"Ndizo hizi."

"Siyo hapa."

Avelina alionja mbege yeye kwanza, maana mtoaji huonja kwanza. Akaimwaga palepale kwenye zege nje ya geti, akaita, "Melkiori!"

"Nimesikia," alisema Bwana Harlan kutoka kwenye kiti chake.

"Nimesikia," alisema mgeni mwenye jicho moja.

Mzee Melkiori alitikisa kichwa. "Huyo ni mungu. Mungu hahesabiwi, yeye anasikia kila kitu."

Basi alikuwa amepata mmoja. Wale ishirini walisikia vizuri sana. Walimtazama Travis, kisha wakatazama viatu vyao. Jua la Texas lilikausha zege kabla pembe haijaanza kuzunguka. Mgeni aliomba lifti hadi kwenye basi la Houston. Alisema Stafford kuna Mkongomani anayeitwa Wilondja, ambaye hana tabia ya kumuuliza mtu karatasi.

Bwana Harlan alifariki kwa ugonjwa wa moyo Aprili 2020, watu wakiwa wamejifungia kwa ajili ya korona. Travis alimpigia Avelina simu aje kumkata kucha. Avelina alikwenda na barakoa, akazikata zote ishirini, fupi, kama alivyozipenda mwenyewe. Halafu akaambiwa asubiri nje ya geti.

Mashujaa wa Ukoo wa Mwaloni walikuwa wameiogopa homa. Walifika wawili. Bwana Harlan alisimama chini ya mpekani na pajama zake, akingoja. Travis aliinua pembe, akamtaja baba yake.

"Nimesikia," alisema wa kwanza.

"Nimesikia," alisema wa pili.

Wa tatu hakuwapo. Bwana Harlan alimtazama mwanawe, akatazama getini. Travis naye alitazama getini. Pembe hakuishusha.

"Nimesikia," Avelina alisema.

Bwana Harlan akaondoka, akavuka ua bila kugeuka nyuma. Wale wawili walifuta machozi. Travis alikunywa, akaja mpaka getini, akatia komeo.

Barabara ilikuwa tupu mpaka nyumbani. Mzee Melkiori alikuwa kwenye sofa, na blanketi mabegani.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, Baba."

"Wa tatu alikuwa nani?"

"Mimi."

"Umefanya vizuri. Yeye aliniitikia."

Alinyoosha miguu, na Avelina akaona kuwa kucha zimeota tena. Alitoa kikata kucha mfukoni, akapiga magoti, akaanza na kidole gumba.