Tulivyogawana Kozi Makongeni

Siku ya mwisho ya kubadilisha kozi, binti yangu Perez alikaa kwenye kochi la babangu, simu mkononi, miguu ameikunja chini yake.

"Nusu pointi, Mama," akasema hatimaye. "Nimepungukiwa na nusu pointi."

Alitaka kusomea uchumi na takwimu katika chuo kikuu hapa hapa Nairobi. Alitaka hivyo tangu kidato cha pili, na kozi yenyewe inatakwa na nusu ya werevu wa nchi hii. Tovuti ilimwonyesha pointi zake upande mmoja na kiwango cha mwaka jana upande wa pili. Chaguo la kwanza ni moja tu. Kozi kama hiyo hujaa kwa wale walioiweka ya kwanza. Ukiikosa, unaokota kilichobaki. Kwa hivyo alikuwa akipima: auache uchumi pale juu, ama aweke ualimu, ambao angeupata hata akiwa usingizini.

"Kiwango si geti," nikamwambia. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na maneno haya huyarudia kila mwaka mpaka koo linanikauka. "Ni pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka jana, basi. Mwaka huu mtu wa mwisho ni mwingine. Huenda akawa na zaidi, huenda akawa na pungufu. Nusu pointi isikutoe mbio."

"Na Nabalayo?"

Nabalayo ni rafiki yake tangu chekechea, mtoto wa jirani zetu Wabukusu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Naye alikuwa ameweka uchumi kwanza, na pointi zake zilimzidi Perez kidogo.

"Nabalayo amefanya nini?"

"Watachukua wawili kutoka Makongeni, Mama? Kutoka laini moja ya nyumba? Afadhali mimi nitoe."

Babangu, Mzee Zedekiah, alikuwa akisikiliza redio kwa sauti ya chini. Akaizima. "Huyu mtoto ana akili," akasema. "Nendeni mkaelewane. Mmoja aweke, mwingine ampishe. Ndivyo tulivyofanya sisi."

Hasira zangu huwa hazikai mbali. Zilinipanda mpaka masikioni. Lakini mzee aliposema "ndivyo tulivyofanya", nilijikuta nimerudi kwenye ukumbi wa mtaa, na ukumbi ule sijawahi kuweza kuukasirikia.

Tulisomea pale kila jioni, watahiniwa wote wa nyumba za reli. Nyumbani kulikuwa na chumba kimoja na watoto wengi. Ukumbini kulikuwa na mabenchi, ubao uliopasuka, na sakafu ya saruji tuliyoichora milinganyo kwa chaki hadi mlangoni. Mama Seth alituletea chai kwenye sufuria kubwa, tukaichota kwa vikombe vya kupokezana. Luseno alikuwa akisinzia akiwa amesimama. Winny alikuwa na sauti nzuri, na tukichoka anatuanzishia wimbo wa kanisani, sisi tunaubadilisha maneno tukimsifu mwalimu wa kemia kwa mambo ambayo hakuwahi kufanya. Nilikuwa na furaha, jamani. Nimewahi kukaa katika kumbi zenye viti vya kuzunguka na sijawahi kuwa na furaha ile.

Na Seth. Seth alikuwa yatima wa baba, kifungua mimba, mrefu, mwenye shati moja jeupe lililofuliwa mpaka likawa laini. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba nyama katika soko la Burma hupanda bei wiki ambayo watu wa reli wamelipwa, na akataka kujua ni nani hasa anayeipandisha, muuzaji ama sisi wenyewe. Tulibishana juu ya nyama hiyo muhula mzima. Nilimpenda, na kwa umri wangu huu naweza kulisema bila haya.

Wakati ule kozi tulizijaza kabla ya mtihani, kwa hivyo kila mtu alikuwa anajikisia tu. Na jinsi ya kukisia tulifundishwa na babangu, mlezi wa ukumbi. Yeye alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana. Huko, nafasi ya unyapara ikitangazwa, mafundi wa kikosi kimoja walikaa chini kwanza wakakubaliana nani aombe. Wakiomba wawili, walisema, wanaangushana, nafasi inakwenda kwa kikosi kingine. Utaratibu huo uliwafaa; waombaji walikuwa wachache na walijuana kwa majina. Baba akauleta ukumbini kama ulivyo. Tukagawana kozi: Luseno udaktari, Winny sheria, Jackton uhandisi. Uchumi tuliutaka wawili, mimi na Seth.

Baba hakunilazimisha. Alisema tu, "Nyathina, mwanangu, mwenzako hana baba," akaniacha nifikirie. Sikufikiria sana. Nikasimama mbele ya wenzangu nikasema, mpeni Seth, mimi nitaweka ualimu. Walipiga makofi mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mama Seth alinishika uso kwa mikono miwili.

Seth alipata uchumi. Leo yuko Lusaka, mtu mkubwa katika benki. Mimi nikawa mwalimu, na kazi yangu naipenda. Lakini hata leo wazee wachache waliobaki hapa wakinitambulisha kwa mgeni husema, huyu ndiye Jacklyne aliyempisha Seth. Mwaka ukiwa mbaya nimejifunika maneno hayo kama blanketi. Nilisema moyoni, angalau kuna mtu aliyefika kwa sababu yangu.

Mlango uligongwa, na Nabalayo akaingia bila kungoja kukaribishwa, kama kawaida yake. Akamwamkua mzee, akabaki wima karibu na mlango.

"Anti, siongei mob, ni neno moja tu," akasema. "Nimekuja tu kushow Perez asitoe hiyo yake. Mimi ndio natoa. Naweka ualimu."

"We! Mimi ndio nilikuwa natoa!" Perez akaruka kutoka kochini.

"Zii. Wewe unaipenda kuniliko. Na mimi nikiwa hapo juu yako, nitakublock."

Mzee Zedekiah alitabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo. Alinitazama kama anayesema, unaona? Mtaa bado uko hai.

Niseme ukweli: nilitaka kunyamaza. Mimi ni mama, na binti yangu alikuwa nusu pointi chini. Msichana mwenye pointi zaidi yake alikuwa anajiondoa mwenyewe, kwa hiari, hakuna aliyemwomba. Tena nilikuwa namwona Nabalayo pale mlangoni, mabega juu, macho yanang'aa. Raha ile naijua. Hakuna raha inayoizidi unapokuwa na umri wao.

"Kaa chini," nikamwambia. "Unadhani wangapi wameomba kozi hii?"

"Sijui, Anti. Wengi."

"Maelfu. Wako Kakamega, wako Meru, wako Malindi. Kompyuta haijui mtaa wala laini ya nyumba. Ukitoka wewe, nafasi yako haiji kwa Perez. Inamwendea mtoto wa mwisho kwenye foleni, na huyo hutamjua milele. Perez atabaki na pointi zake zile zile, na wewe utakuwa umejitoa bure."

Neno hilo la mwisho, bure, lilinirudia mimi mwenyewe.

Perez alinikodolea macho. Hadithi ya ukumbi ameisikia tangu akiwa mgongoni. "Lakini wewe ulimpisha Seth."

"Sikumpisha mtu," nikasema. "Seth aliingia kwa pointi zake, na zilipita kiwango kwa mbali. Hata ningeweka uchumi, angeingia."

Miaka hii yote nimefundisha hesabu, na hesabu hiyo moja sikuwahi kuifanya. Ama niliijua, nikaiacha ikae, kwa sababu ningeifanya ningebaki na nini?

Wasichana walikaa bega kwa bega kwenye kochi. Nabalayo akauacha uchumi wake pale juu. Perez alichelewa, kidole kikielea juu ya simu.

"Nikikosa je, Mama?"

"Tutalia, halafu tutachukua la pili. Lakini wakunyime wao. Usijinyime mwenyewe."

Akabonyeza. Nabalayo akapiga kelele kana kwamba wameshaingia wote, wakatoka nje wakisukumana, wakitafuta mandazi.

Tulibaki mimi na Baba. Hakuwasha redio. Alikuwa anatazama mikono yake, ile mikono mikubwa ya karakana.

"Nyathina," akasema. "Matokeo yako yalipotoka. Ulikuwa na pointi za uchumi?"

Ningeweza kumdanganya. Ana miaka mingi, na utaratibu ule aliuleta kwa moyo safi. Lakini nilikuwa tayari nalia, kwa mara ya kwanza nikiulilia uchumi wangu, naye ananiona.

"Nilikuwa nazo, Baba."

"Za kutosha?"

"Za kutosha na kubaki."

Nje wasichana walikuwa wakimwita mtu kwa jina, wakicheka.

"Basi mngeingia nyote wawili," akasema.

"Ndiyo, Baba. Tungeingia sote wawili."