Kiti cha Jumbe Mikidadi

Tangu Wadachi wampe ujumbe, Mikidadi wa Kinole alikuwa akivimba. Asubuhi macho yalijificha ndani ya uso. Jioni makubadhi hayakumwingia. Watu wakasema cheo kimempenda, amenawiri. Yeye akakubaliana nao, akachongesha kiti kipana zaidi.

Binti yake Mosi ndiye aliyemkanda miguu. Akibonyeza kidole, shimo lilibaki, kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Daktari wa Kidachi kule Morogoro alikwisha kumwambia waziwazi: "Mafigo ya baba yako yamechoka. Ugonjwa ambao mwingine ataugua akapona, yeye utamzika. Ndui ikija, mweke mbali na watu."

Ndui ikaja, ikaanzia mabondeni. Serikali ikaagiza wagonjwa watafutwe na watengwe. Jumbe alifikiri sana, kisha akatangaza kwamba keshokutwa kila mtu, mzima na mgonjwa, aje barazani kwake, ampe mkono na kumwonyesha uso, ili ijulikane nani asikaribie watu.

"Baba, si watakukaribia wewe?"

"Ndui ina adabu zake," akasema Mikidadi. "Haiwezi kumruka akida, mkubwa wangu, ikaja kwangu."

Mosi akaenda kwa Abasi, mtani wa baba yake, ambaye uso wake ulichimbwa na ndui tangu utotoni. Kila mtu alijua kuwa ndui haimrudii mtu iliyekwisha kumla. Na kila mtu alijua kuwa mtani hakasirikiwi. Akichukua kuku wako, unacheka na kungoja zamu yako.

"Shikamoo, baba Abasi. Baba hasikii la mtu."

"Marahaba. Mtumwa wangu yule hajasikia neno tangu azaliwe. Kiti chake anakiweka wapi?"

Siku ya baraza, Mikidadi akiwa bado anahangaika na kanzu, Abasi aliingia, akajitwika kiti, akanyakua na kofia, akateremka mpaka kivukoni. Akaketi katikati ya njia ya kwenda barazani. Watu walipofika wakamkuta jumbe mpya, kofia imemfunika masikio.

"Leteni nyuso," akasema. "Mikono kaeni nayo, michafu."

Wakacheka, wakapita mmoja mmoja. Wanne walikuwa na vipele vya ndui. Akawapeleka kwenye kibanda cha shambani, wakauguzwe na waliokwisha kuugua. Mmoja wao alikuwa mzee Salehe, ambaye kila baraza alikuwa wa kwanza kuubusu mkono wa jumbe na wa mwisho kuuachia.

Nyumbani Mikidadi alizunguka chumba kizima. Kuketi mkekani mbele ya watu ni kujivua ujumbe. Kumkasirikia mtani ni aibu zaidi. Jioni Mosi alimletea habari za Salehe. Baba yake akainama kwa shida, akaubonyeza mguu wake mwenyewe kwa mara ya kwanza, akalitazama shimo ambalo halikuwa na haraka ya kufukika.

"Kiti bado anacho?"

"Anacho, baba. Anasema hakirudishi mpaka umpe jogoo."

"Mwambie jogoo simpi," akasema Mikidadi. "Simpi mpaka ndui iishe."