Miwani ya Wageni

Mtaa mzima unanijua: fundi cherehani mwenye mdomo. Mteja akichelewa kuchukua gauni lake namsema, akija mapema namsema pia. Lakini jambo hili sijamwambia mtu.

Binti yangu, tuliyemwita Chiriku kwa maneno yake mengi, alikuwa na miaka sita watu wa msaada walipokuja shuleni kwao kupima macho. Jicho lake la kulia likakutwa na shida kidogo, la kushoto shida kubwa. Baada ya wiki tatu wakamletea miwani, mpya kabisa, fremu nyekundu, ndani ya kasha lenye kitambaa cha kufutia. Bure! Muuguzi wao akanishika mkono.

"Mama, avae kutwa nzima. Avue wakati wa kulala tu. Hilo jicho la kushoto lisipofanya kazi sasa, ukubwani halirudi."

"Sawa, dada, nimeelewa," nikamjibu. Kuelewa gani!

Siku ile Chiriku hakunyamaza njia nzima. "Mama, kumbe majani yako moja moja! Mama, kumbe una kipele puani!" Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Tulipofika nyumbani nikamvua miwani, nikaifuta, nikaiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, nikafunga kwa ufunguo.

Jamani, nieleweni. Nyumba ile haikuwa na kitu kipya hata kimoja. Viatu vya Chiriku vilikwisha kuvaliwa na watoto watatu kabla yake. Ningemwachiaje mtoto kitu cha thamani vile akakimbie nacho kwenye mawe? Ikivunjika, nani atatupa nyingine? Akiba haiozi, nikajisemea. Basi akija shangazi yake, namvalisha. Watu wa msaada wakirudi kupiga picha, namvalisha. Wakigeuza kisogo, namvua.

"Mama, niachie leo tu," alikuwa akiniomba. "Nikiwa nayo naona ubao."

"Kaa mbele, utauona!"

Miaka miwili baadaye watu wa msaada waliikuta miwani inang'aa, wakanisifu mbele ya wazazi wenzangu kwamba najua kutunza. Kichwa kikanivimba. Chiriku alipofika darasa la nne ilikuwa haimwenei tena, na haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Sasa ana miaka ishirini na mbili. Tangu zamani anataka kitu kimoja tu, kuendesha basi kubwa la abiria. Amejifunza, amefaulu, na kampuni imekubali kumchukua. Kilichobaki ni cheti cha macho, na juzi nikamsindikiza hospitali.

Daktari, kijana mpole, akamfunika jicho la kulia, akamwambia asome. Chiriku wangu, mwenye maneno yote yale, akakaa kimya. Hata ile herufi kubwa ya juu hakuiona. Wakajaribu lenzi hii na ile. Wapi!

"Jicho lenyewe ni zima," daktari akasema, "ila halikuzoeshwa kuona. Miwani ya utotoni ingeliokoa. Sasa muda umepita, na kwa basi la abiria siwezi kukupitisha. Kwani hukuwahi kupewa miwani ulipokuwa mdogo?"

Nikainama, nikingoja mwanangu aniseme.

"Hapana, daktari," Chiriku akasema. "Hatukuwa na uwezo."

Daktari akanitazama kwa huruma. "Pole sana, mama. Si kosa lako."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaipokea ile pole. "Asante, mwanangu," nikamwambia daktari.

Tulipotoka nje nikamuuliza kwa nini amenifichia. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mama, ningesema, jicho lingerudi?"

Kampuni imempa kazi nyingine, na kesho anaanza: atakuwa anakata tiketi, ndani ya basi lile lile alilotaka kuliendesha.