Tairi la Moja na Nusu

Namhimidi Yule aliyeumba kila kitu kwa kadiri, akalipa jicho tundu lake na nyota njia yake, wala hajapata kukosea kipimo hata siku moja. Namwombea rehema Mtume wake, aliyeshona viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Baada ya hayo naomba msamaha wa mambo mawili: ujuzi nilioudai, na vijiko vya mke wangu.

Wanaohusika ni watano, nami nawapanga kwa kadiri ya akili waliyoionyesha asubuhi ile ya tairi. Wa kwanza ni Chepngeno, mama wa makamo, jirani yetu hapa Kiamunyi, ambaye kila alfajiri hukusanya maziwa ya nyumba kumi na moja, yetu ikiwamo, akayapeleka kwa baiskeli hadi kituo cha kupozea. Wa pili ni Mbugua, fundi wa baiskeli mwenye kibanda pale njia panda. Wa tatu ni Bi Somoe, mke wangu, mwenye ng'ombe mmoja na maneno machache. Wa nne ni Micah, karani wa kituo cha maziwa. Wa tano, kwa umbali mkubwa, ni mimi Athmani Badi, niliyekuja Nakuru miaka thelathini na minane iliyopita kusomesha chuoni, na ambaye watu humjia kugawiwa mirathi. Ng'ombe nimemwacha nje ya orodha kwa sababu angenitangulia.

Chepngeno alikuwa na baiskeli ile kubwa nyeusi tunayoiita Blakmamba, na tairi lake la nyuma lilikuwa limekwisha kuzeeka, lina nyufa kama kisigino cha mkulima. Mwezi ule lilikuwa limempasukia tyubu mara mbili, na mara mbili alifika kituoni baada ya saa mbili, lango likiwa limefungwa. Micah alimwambia mbele ya watu, "Mama, mara ya tatu nafasi inaenda kwa Kemboi. Ako na pikipiki." Chepngeno alikuwa na miaka tisa katika njia ile. Hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na njia ile tu.

Mbugua hakuwa na tairi la Blakmamba kibandani. Nami, kwa kuwa Jumamosi nilikuwa naenda mjini kugawa mirathi ya familia moja, nikajitolea kulinunua. Hakuna aliyeniomba. Hilo ni vyema lieleweke tangu mwanzo.

"Maalim, andika," Mbugua aliniambia, akininyooshea kipande cha katoni na kalamu. "Ishirini na nane, kwa moja na nusu. Hiyo nusu imeandikwa kwa sehemu, moja juu, mbili chini. Halafu uangalie nambari ndogo hapa kando, mia sita thelathini na tano. Hiyo ndio baba yao."

"Bwana Mbugua," nikamwambia, "kichwa hiki kimebeba beti elfu kadhaa. Hakitaelemewa na tairi."

"Beti hazivalishwi rimu, Maalim."

Nikacheka kwa upole, kama anavyocheka mtu aliyesoma. Katoni nikaiacha juu ya benchi.

Dukani mjini binti mmoja aliniwekea matairi mawili juu ya meza. La kwanza lilikuwa na vumbi, limeandikwa ishirini na nane kwa moja na nusu. La pili lilikuwa jeusi la kumeremeta, lina mstari mwekundu ubavuni, nalo limeandikwa ishirini na nane kwa moja nukta hamsini. Moyo wangu ukaenda kwenye mstari mwekundu.

"Hii ya vumbi ndio ya Blakmamba, baba," binti akasema. "Hiyo ingine ni ya zile baiskeli za gia."

"Imeandikwa ishirini na nane?"

"Ndio."

"Na moja nukta hamsini?"

"Ndio, baba."

"Na moja nukta hamsini, binti yangu, katika hesabu ni ngapi?"

"Ni moja na nusu, lakini..."

"Basi hapo ndipo hesabu inapokoma," nikasema, nikaanza kumweleza. Nilimweleza kwamba mume aliyefiwa na mke asiye na mtoto hurithi nusu, na kwamba nusu hiyo, ukiiandika kwa sehemu au kwa nukta, mume huyo huondoka na mali ile ile. Nilikuwa nimefika kwenye sudusi, ile sehemu ya sita ya mama, nilipogundua kwamba binti hanitazami mimi bali watu sita waliopanga foleni nyuma yangu.

"Sawa, mzee," akasema. "Nikufungie hiyo ya nyekundu?"

Ubavuni mwa tairi, kwa herufi ndogo, paliandikwa mia sita ishirini na mbili. Niliiona. Nilidhani ni nambari ya kiwanda.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Chepngeno alifika kwetu na mitungi yake miwili imefungwa kwenye keria, akachukua maziwa yetu, akaliona tairi jipya limeegemea ukuta. Akalipapasa, akashukuru. Kisha akasema, "Nitapelekea Mbugua nikirudi. Hii ya zamani itanifikisha leo."

"Na ikiwa halitakufikisha?" nikauliza. "Ukichelewa leo utamwambia Micah nini? Kwamba tairi jipya lilikuwa kwa Maalim, ukalikataa? Shusha mitungi. Ni kazi ya dakika kumi."

Akasitasita. Ndiyo heshima aliyonipa ambayo ilikaribia kumponza: alishusha mitungi.

Gurudumu tulilitoa. Tairi la zamani liligoma kubanduka, limeshikana na rimu kama limezaliwa nayo, nami nikalikata kwa kisu cha jikoni, vipande viwili. Bi Somoe alikuwa akihitaji ukanda wa mpira wa kufungia lango la zizi, kwa hiyo nikaona nimeua ndege wengi kwa jiwe moja.

Tairi jipya likaingia nusu ya mzunguko, likasimama. Nikalivuta. Nikalipaka sabuni. Nikaingiza kijiko, kikapinda. Nikaingiza cha pili.

"Sheikh," akasema Bi Somoe kutoka mlangoni. Mke wangu huniita Maalim anapokuwa radhi nami, na Sheikh anapokuwa hayuko radhi. "Hicho ni kijiko cha wageni."

"Mpira mpya huwa mkaidi. Unahitaji kuzoeshwa."

"Maalim, inakaa?" akauliza Chepngeno, simu yake mkononi.

"Inakaribia."

"Saa moja na dakika tano," akasema.

Nikavunja kijiko cha tatu. Kofia ilikuwa imeniangukia kwenye povu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ikanijia kwamba huenda kosa si la mpira. Bi Somoe hakungoja nilitamke. Alikwisha kumpigia Mbugua simu.

Fundi alifika juu ya baiskeli yake ya milimani. Hakushuka mara moja. Alilitazama gurudumu, akavitazama vijiko, akanitazama mimi.

"Nani alikata ya zamani?"

Ng'ombe aliendelea kucheua.

Mbugua akashuka, akachutama, akasugua ubavu wa tairi kwa kidole gumba. "Mia sita ishirini na mbili. Nilikuambia nini, Maalim?"

"Uliniambia ishirini na nane kwa moja na nusu. Nalo hili ni moja na nusu."

"Hiyo ishirini na nane ni jina tu. Akina Kamau ni wengi na baba yao si mmoja. Hii yangu inaitwa ishirini na sita, na ya dada yangu, ile ya kike ya zamani, inaitwa ishirini na sita. Yangu ndani ni mia tano hamsini na tisa, yake ni mia tano tisini. Ukipeana tairi yangu kwa yake, mtalia wote wawili. Hii nambari ndogo ndio inapima pale tairi inakalia rimu, kutoka upande huu mpaka ule. Rimu ya Mamba ni mia sita thelathini na tano. Umekosa kwa milimita kumi na tatu."

"Kumi na tatu tu?"

"Maalim, wewe unavaa kiatu namba ngapi?"

"Nane."

"Nikuletee sita? Si imekosa kidogo tu?"

"Lakini nusu ni nusu," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanichosha.

"Kwa karatasi, sawa. Lakini wenye walikuwa wanaandika kwa sehemu na wenye waliandika kwa nukta, hawakuwa wanatengeneza rimu moja."

Kila mwaka wanafunzi wangu wa mirathi huanza kwa somo moja, nalo ni kwamba asiyejua aliyekufa ni nani asigawe kitu. Nimewachapa kwa maneno vijana wa watu kwa kosa hilo. Nami nilikuwa nimegawa nusu dukani, kwa ufasaha, mbele ya foleni, bila kuuliza ni nusu ya nini.

"Saa moja na dakika ishirini na tano," akasema Chepngeno.

Pikipiki hazikupatikana. Shule zilikuwa zinafunguliwa siku ile, na kila mwenye pikipiki aliyepigiwa simu alikuwa amebeba sanduku la mwanafunzi. Mbugua akamsogezea Chepngeno baiskeli yake. "Chukua hii, mama. Haina keria, lakini inaenda."

Chepngeno alivua leso, akaubeba mtungi mmoja mgongoni kama mtoto, akakaza fundo kifuani mara mbili, akapanda. Mtungi wa pili ulibaki chini. Mbugua akajitolea kuusukuma kwa wilbaro ya Bi Somoe.

"Mwache fundi aende mjini na hilo lako jekundu akabadilishe," akasema mke wangu. "Wilbaro utasukuma wewe. Gurudumu lake ni moja na hulifungui."

Aliiosha kwa ndoo mbili, akatandika gunia safi. Nikakunja kanzu kiunoni, nikashika mishikio, nikatoka.

Kutoka kwetu hadi kituoni ni mwendo wa kilomita mbili, na hapajapata kuwa na mtu aliyenieleza kwamba zote mbili zinapanda. Wilbaro ilikuwa na nia yake yenyewe, nayo ilikuwa kwenda mtaroni. Mama mmoja ambaye mwanawe nimemsomesha alisimama na kuninyooshea mkono wa salamu, nami sikuweza kuunyoosha wangu. "Maalim, mnahama?" Kwenye kona, mzee wa kanisa, Bethwel, aliponiona nakimbia alivua kofia yake. "Kuna msiba?" akauliza kwa huzuni, kwa kuwa katika miaka yote aliyonijua hajapata kuniona nikienda mbio isipokuwa kuwahi jeneza.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia nikipita. "Ni tairi."

"Poleni sana," akasema.

Nilifika saa mbili na dakika tisa. Lango lilikuwa wazi nusu, na Micah amesimama katikati yake na kitabu. Chepngeno alikuwa kando ya ukuta, leso yake imelowa. Alikuwa amefika kabla ya saa mbili, mtungi wake umepimwa na kumiminwa. Hata hivyo uso wake haukuwa wa mtu aliyewahi.

"Mchukuzi ni mmoja na mitungi ni miwili," Micah alikuwa akimwambia. "Mmoja ukichelewa, umechelewa. Mimi sipendi, mama. Lakini nikikuachilia wewe, kesho wote watakuja saa tatu."

Nikaitua wilbaro. Nikaanza kwa utangulizi, kama ilivyo desturi yetu, nikitaja fadhila za haki na za wenye kuishika. Micah akatazama saa yake. Nikaukata utangulizi.

"Mtungi huu hakuuleta Chepngeno," nikasema. "Nimeuleta mimi."

"Wewe si mchukuzi."

"Kitabu chako kinasema mchukuzi ni nani?"

Akafunua ukurasa wa mbele, akausoma kimya, midomo ikicheza. "Anayeleta maziwa langoni."

"Nani ameyaleta haya langoni?"

Micah alinitazama kutoka kwenye kofia yenye sabuni hadi kwenye viatu. Kisha akaandika jina langu, polepole, kwenye mstari ulio chini ya ule wa Chepngeno.

"Sababu ya kuchelewa? Hapa lazima nijaze."

Sababu nilikuwa nazo. Palikuwa na kufunguliwa kwa shule, palikuwa na mlima, palikuwa na uzee. Chepngeno alikuwa akiitazama mikono yake, iliyochubuka kwa fundo la leso.

"Andika," nikasema, "alikata tairi zima kabla ya kulijaribu jipya, kwa sababu alijua hesabu."

Kalamu ikasimama. "Alijua, ama alidhani anajua?"

"Andika alidhani."

Akaandika. Akakigeuza kitabu nisome, nikasoma, nikatia sahihi. "Maziwa haya siwezi kupokea," akasema. "Na wewe umechelewa mara ya kwanza. Umebaki na mbili." Kisha akamgeukia Chepngeno. "Mama, kesho."

"Kesho," akasema Chepngeno, na pumzi aliyoitoa niliisikia pale nilipokuwa.

Mtungi ule niliurudisha kwa wenyewe, nyumba moja baada ya nyingine, nikipimia kila mtu maziwa yake na kumpa sababu. Katika nyumba ya kwanza maelezo yangu yalikuwa marefu, yana sehemu na nukta ndani yake. Kwa Nyakio, nyumba ya tano, nilisema tu, "Sikumsikiliza fundi," naye akacheka hadi akaketi kizingitini. Chepngeno alitembea nami njia yote, akikokota baiskeli ya Mbugua, ingawa hakuwa na wajibu. Mlango wa mwisho ulipofungwa akaniambia, "Maalim, wewe unaongea vizuri. Lakini siku ingine, nikisema nitapita kwa Mbugua, niache nipite."

"Nitakuacha," nikasema.

Adhuhuri Mbugua alirudi na tairi la vumbi. Alilivalisha kwa vidole vyake viwili vya gumba, bila kijiko, bila sabuni, akizungumza na Bi Somoe habari za bei ya majani ya ng'ombe, wala hakulitazama.

Ee Mola, Mwenye kupima bila kukosea, utuhifadhi tuliobaki katika njia hii yenye mawe. Mpe Chepngeno alfajiri kavu na mzigo usiomwagika. Ubariki vidole vya Mbugua, na kalamu ya Micah uifanye iwe nyepesi juu ya wanyonge. Umrejeshee Bi Somoe subira yake, na vijiko vilivyo bora kuliko vya kwanza. Na sisi tuliopewa elimu kidogo tukaiona nyingi, utupe masikio kabla ya ndimi, hadi siku utakayotuita mmoja mmoja kwa kipimo chako. Amina.