Nyama ya Nuru

Hemedi alikuwa ameshika chupa ya kioo anaiosha alipoambiwa kwamba uvimbe wa mke wake haukuzikwa. Kazi yake ndiyo hiyo, kuosha chupa za hospitali pale Kasongo, Kongo, mwaka wa hamsini na saba.

"Unasema nini wewe, Roger?"

Roger, msaidizi wa Daktari mzungu, aliangalia mlango kwanza. "Ile nyama tuliyokata kwa titi la Nuru iko hai. Daktari anaikuza ndani ya hizi chupa. Anailisha, halafu anaitilia dawa, aone ni ipi itaiua."

Lahaula! Sasa Hemedi alizika nini? Kwao mtu akikatwa kiungo, kiungo hicho huvikwa sanda na kuzikwa. Siku Nuru alipopasuliwa aliomba nyama, akapewa kifurushi cha bendeji, akaambiwa asikifungue, kina ugonjwa. Akamwita mwalimu wa dini, wakakisomea dua. Watu wazima na ndevu zao, wamesomea pamba!

"Na dawa?"

"Ya mwisho imeiua yote. Siku tatu tu."

Nuru alikuwa na uvimbe mwingine tayari, kwapani. Hemedi akaingia kwa Daktari bila hodi.

"Bwana Daktari, ile dawa iliyoua nyama ya muke wangu, mumupe yeye."

"Haijaruhusiwa kwa watu. Labda baada ya miaka mitano." Daktari hakuinua hata uso. "Ila umekuja vizuri. Nyama imekwisha kwenye chupa. Mlete mkeo Jumatatu, tukate ule uvimbe wa kwapani."

"Nyama yake inapata dawa, mwenyewe hapati? Hamuna haya!" Hemedi akavua aproni, akamtupia mezani, akatoka.

Nyumbani alimweleza Nuru yote, hakumficha neno. Nuru akajifunga kitenge vizuri.

"Umwambie ajikate yeye."

Jumatatu hawakwenda. Jumanne Daktari alituma watu wawili na machela. Nuru akawafungia mlango, akawatukana mpaka majirani wakatoka nje, na watu wale wakarudi na machela yao tupu.

Nuru alikufa baada ya miezi mitatu, kwa maumivu makali. Hemedi alilia zaidi kwa hasira kuliko kwa huzuni, maana dawa ilikuwapo muda wote huo, ndani ya kabati la hospitali, mwendo wa dakika kumi kutoka kitandani kwa Nuru.