Kioo cha Pembeni

Kama mama angekaa upande wa pili wa uwanja, leo ningekuwa kwangu. Sikwepeshi maneno.

Mume wangu Ashrafu alikuwa kibarua wa bustani kwenye kambi ya wageni, njia ya Ngarambe. Mwekezaji alipojenga uwanja wa padeli, ule mchezo wa raketi unaochezwa ndani ya kuta za vioo, Ashrafu akaushika kuliko wageni wenyewe. Hasa mpira wa kuanzia unapodunda chini kisha ukagonga kioo cha pembeni. Wenzake waliupapatikia. Yeye aliuacha upite, akageukia ukutani, akaungoja utoke, ndipo akaurudisha taratibu.

Kambi ikatangaza kwamba atakayeshinda kati ya Ashrafu na Tamimu wa jikoni ataajiriwa kuwa mwalimu wa mchezo. Nyumbani tulikaa roho juu, maana mama alishasema vibarua vya Ashrafu vimemchosha. Hii ikishindikana, ananirudisha kwake Umwe.

Akaja mwenyewe kushuhudia. Akavuta kiti mpaka nyuma ya kioo cha pembeni, palepale Ashrafu anapopokelea.

"Mama, tuhamie kule," nikamwambia. "Mkweo yuko na kaptula."

"Nimekuja kumwona. Nikamwonee wapi, sokoni?"

Kwetu mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia vichakani mama apite. Mama alilijua hilo, na Tamimu, mshenzi yule, alilijua kuliko sote. Kila zamu yake ya kuanzisha mpira upande ule ilipofika, akaupeleka kwenye kioo cha mama.

Ili aurudishe, Ashrafu alitakiwa ageukie kioo, yaani amkodolee mkwewe macho, mapaja nje. Hakuweza. Akawa anauwahi mpira kabla haujagonga kioo, anaupiga ovyo, unaishia wavuni. Nilitaka kulia kwa hasira. Geuka, mume wangu, geuka! Hakugeuka.

Tamimu akashinda.

"Umeona?" mama akasema. "Hata mpira unamshinda."

"Alikuwa anakuheshimu wewe!"

"Heshima yake utaipika?"

Kesho yake pikipiki ilikuja kutuchukua. Nilimngoja Ashrafu aseme neno moja tu, mke wangu haendi. Akatoka na begi langu, macho chini, akalifunga vizuri nyuma ya pikipiki.

"Shikamoo, mama. Safari njema."

"Marahaba," mama akajibu.

Mimi hakuniangalia kabisa, kwa sababu nilikuwa nimesimama ubavuni mwa mama.